Saladi bila udongo ndani ya nyumba: dumu lililotulia, ndoo yenye pampu, au makumbi?

Anayetaka kuanza kulima bila udongo huwa ameshaona picha: mabomba meupe ya PVC yamepangwa ngazi kwa ngazi ukutani, saladi zimechomoza kwenye matundu, maji yanazunguka yenyewe. Inapendeza macho, lakini ndiyo njia ya mwisho ambayo ningemshauri mtu aanze nayo. Mfumo huo, ambao Allen Cooper aliuendeleza Uingereza miaka ya 1960, hupitisha utando mwembamba tu wa maji chini ya mizizi. Hauna akiba. Umeme ukikatika saa nne asubuhi na wewe uko kazini hadi jioni, ukirudi unakuta majani yamelala. Huo ni mfumo wa mwenye jenereta, mwenye kijana wa kuangalia, na mwenye hoteli inayosubiri mzigo.

Kwa mtu mwenye roshani ndogo, chumba cha ziada au kona ya jikoni, njia zinazostahili kupimwa ni tatu. Ya kwanza ni dumu au ndoo ya maji yaliyotulia, bila pampu, inayojulikana kwa jina la Bernard Kratky, mtafiti wa mboga wa Chuo Kikuu cha Hawaii aliyeifanyia kazi na kuieneza. Ya pili ni ndoo ileile, ila ndani kuna pampu ya hewa kama ya tangi la samaki. Ya tatu ni ndoo au mfuko uliojazwa kokopiti, yaani chenga laini za makumbi ya nazi, unaomwagiliwa maji ya mbolea kwa mkono.

Mabishano mengi huishia kwenye bei ya vifaa. Mimi naona bei si tatizo, kwa sababu zote tatu unaweza kuzianza kwa vitu vya jikoni na safari moja ya duka la pembejeo. Swali linaloamua ni jingine: maji yako yana joto kiasi gani saa nane mchana?

Joto la maji kwanza

Mizizi inapumua. Kwenye udongo hupata hewa katikati ya chembechembe, kwenye maji hutegemea oksijeni iliyoyeyuka humo. Maji ya nyuzi 20 hubeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita, na yakifika nyuzi 30 hubaki miligramu 7.5. Tofauti inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba kwenye joto mizizi yenyewe hupumua kwa kasi zaidi, kwa hiyo mahitaji yanapanda wakati akiba inashuka. Juu ya hapo yuko Pythium, kimelea kinachogeuza mizizi myeupe kuwa kamasi ya kahawia yenye harufu ya mtaro. Maji ya vuguvugu ndiyo raha yake.

Sasa fikiria simtanki jeusi juu ya paa la Mbagala au Likoni mwezi Februari. Maji yanatoka bombani yakiwa ya moto tayari, na ndoo ikikaa roshani inayopigwa na jua la alasiri hayapati nafasi ya kupoa. Aliye Nairobi, Iringa, Mbeya au Lushoto hana shida hiyo. Kwake malalamiko ya Julai ni kwamba miche inadumaa kwa baridi. Ndiyo maana ushauri uliotolewa na mtu wa nyanda za juu unaweza kumwangusha mtu wa pwani bila yeyote kati yao kuwa mwongo.

Nunua kipimajoto cha tangi la samaki. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote katika orodha yako, na kitakusaidia kuliko vingi vya bei kubwa.

Dumu lililotulia

Utaratibu wake ni huu. Unajaza chombo maji ya mbolea, unatoboa mfuniko, unaweka kikombe chenye matundu kilichoshika mche. Siku ya kwanza maji yanagusa chini ya kikombe, sentimita moja hivi. Mmea unakunywa, kina kinashuka, na pale palipoachwa wazi mizizi inaota vinyweleo vya kupumulia hewa yenye unyevu. Mizizi ya chini inakunywa, ya juu inapumua. Hakuna kingine cha kufanya hadi siku ya kuvuna. Saladi moja inatosheka na chombo cha lita 4.

Ugumu wake uko kwenye kujizuia. Mtu akifungua mfuniko baada ya wiki tatu na kuona maji yamefika nusu, mkono unawasha, anaongeza hadi juu. Hapo amezamisha mizizi iliyokwisha kuzoea hewa, na baada ya siku mbili mmea unanyauka ukiwa ndani ya maji tele. Ukilazimika kuongeza, ongeza kidogo tu, angalau theluthi ya juu ibaki wazi.

Kwa mazao ya kuvuna mara moja, hasa saladi na chainizi changa, njia hii ni ngumu kuishinda. Haina umeme, haina kelele, na unaweza kusafiri wiki nzima bila kumwachia jirani maagizo. Kwa sukuma wiki inayochumwa miezi na miezi si rafiki, maana utakuwa unajaza kila wakati na kubahatisha kina. Nyanya usijaribu kwenye ndoo ndogo. Mnyanya uliokomaa unaweza kumaliza zaidi ya lita moja kwa siku.

Kuna mambo mawili ambayo video nyingi hazisemi. Dumu la njano la mafuta ya kula hupitisha mwanga, na mwanga ukikutana na mbolea unapata mwani wa kijani unaokula chakula cha mmea. Lifunge kwa nailoni nyeusi, kisha juu yake kitu cheupe cha kurudisha joto. La pili ni mbu. Maji safi yaliyotulia kwenye chombo ndiyo makazi anayoyapenda mbu wa dengue, na Dar es Salaam ilishapata milipuko ya ugonjwa huo mwaka 2014 na 2019. Tundu la mfuniko libane kikombe sawasawa, na pengo lolote lizibe kwa kipande cha sponji ya godoro. Ndoo iliyoachwa na tundu wazi kwenye roshani ni hatari kwa jengo zima, si kwako peke yako.

Ndoo yenye pampu

Hapa mizizi inazama moja kwa moja na jiwe la hewa, yaani kijiwe chenye vitundu kilichofungwa kwenye mpira wa pampu, linachemsha mapovu chini saa 24. Mahali penye baridi mmea hukua kwa kasi inayomfanya mtu apige picha kila asubuhi. Umeme wenyewe si mwingi: pampu ya wati 5 ikifanya kazi mfululizo hula uniti 3.6 kwa mwezi.

Gharama ya kweli ni utegemezi. Kwenye dumu lililotulia kuna mizizi ya hewani, humu hakuna. Pampu ikizima kwenye maji ya nyuzi 20 una muda wa kutosha wa kushtuka. Ikizima kwenye nyuzi 30 muda huo unahesabika kwa saa chache. Pampu ndogo za USB zinazotumia pawabenki zimepunguza shida hii, na mtu wa Dar anayeng'ang'ania njia hii awe nayo moja pembeni. Wengine hutumbukiza chupa ya barafu mchana. Inafanya kazi, ila kuibadilisha kila siku ni kazi ya kuchosha, na friji nayo inakula umeme.

Kitu kimoja cha kuangalia kwa karibu: pampu iwekwe juu kuliko usawa wa maji. Ikikaa sakafuni na umeme ukakatika, maji hurudi kinyume kupitia mpira wa hewa, yanaingia ndani ya pampu, na umeme ukirudi unakuta kifaa kimekufa au sakafu imelowa karibu na soketi. Ukikosa pa kuitundika, nunua vali ndogo ya kuzuia maji kurudi. Inawekwa katikati ya mpira.

Ningeichagua njia hii kwa mtu wa mahali penye baridi, anayekaa nyumbani, anayependa kuchezea mitambo. Wapo watu wa aina hiyo, na wanafurahia kupima zaidi kuliko kula.

Makumbi

Wapo wanaosema kokopiti si kulima kwenye maji hata kidogo. Waachie jina. Chakula chote cha mmea kinatoka kwenye maji unayochanganya wewe, makumbi yanashika mizizi tu, kwa hiyo kanuni ni zilezile.

Uzuri wake kwa mtu wa pwani ni kwamba kokopiti hushika maji na hewa kwa pamoja. Hata ikiwa imelowa, kuna vijitundu vilivyobaki na hewa ndani, kwa hiyo mizizi haitegemei oksijeni iliyoyeyuka kama ndani ya ndoo. Joto linalomuua mwenye pampu hapa linasababisha tu uongeze kumwagilia. Umeme ukikatika siku mbili, mmea haujui.

Inauzwa kama tofali lililoshindiliwa. La kilo 5 ukililoweka linafumuka na kujaza lita 60 na zaidi, kwa hiyo usilifungulie kwenye beseni la kufulia. Kabla ya kupanda, osha. Makumbi kwa asili yana potasiamu na sodiamu, na huwa yananyang'anya kalsiamu kutoka kwenye maji ya mbolea wiki za mwanzo, ndiyo maana miche huanza na majani yenye ncha zilizoungua. Dawa yake ni kuyaloweka usiku kucha kwenye maji yenye kalsiamu nitreti kidogo, kisha kuyasuuza.

Kwa walio Unguja na kwingine pwani kuna tahadhari ya ziada. Makumbi ya kusokotea kamba hufukiwa kwenye tope la ufukweni miezi kadhaa ili yalainike, ndipo yapigwe na kutoa usumba. Chenga zinazobaki hapo zinaonekana nzuri na pengine unapewa bure, lakini zimekunywa bahari. Zioshe kwa maji yasiyo na chumvi mara nyingi, na upime maji yanayotoka chini mpaka kipimo cha chumvi kishuke. Usipokuwa na kipima EC, yaani kifaa cha kupima chumvi zilizoyeyuka kwenye maji, nunua tofali lililooshwa, utalala usingizi.

Kumwagilia ni kila siku. Kwenye joto kali, asubuhi na alasiri. Mwaga hadi chini yatoke kidogo, kama sehemu moja ya kumi ya uliyomwaga, ili chumvi zisijikusanye. Kwa hiyo unahitaji trei chini ya ndoo, na unahitaji kuwepo. Hapa dumu lililotulia linashinda waziwazi: msafiri wa mara kwa mara asipande kwenye makumbi bila mtu wa kumwagilia.

Faida nyingine ni upana wa mazao. Sukuma wiki, pilipili, nanaa, mrihani, dhania, mchicha wa kutupia mbegu kwenye trei na kuukata baada ya wiki tatu au nne, vyote vinakubali. Nyanya pia, ukiwa na ndoo kubwa na jua.

Maji ya chumvi yanabadilisha hesabu

Wengi mijini wanatumia maji ya kisima, na visima vingi vya Dar na Mombasa vina chumvi. Saladi hupenda maji ya mbolea yenye EC kati ya 1.2 na 1.8. Maji yako yakiwa tayari na 1.0 kabla hujaweka chochote, nafasi iliyobaki ni ndogo, na sehemu kubwa ya kilichomo ni sodiamu ambayo mmea hauitaki.

Ndani ya dumu lililotulia hali huzidi kuwa mbaya kila siku, maana mmea unakunywa maji na kuacha chumvi, na yanayobaki chini yanazidi kuwa makali. Kwenye ndoo ya pampu unaweza kumwaga yote na kubadilisha kila wiki moja au mbili. Kwenye makumbi unasuuza. Mwenye maji ya chumvi akinge maji ya mvua kwa ajili ya mimea hii. Ndoo chache za masika zinafika mbali.

Mbolea: ya tayari au ya kuchanganya

Chupa mbili za A na B, zinazouzwa kwa ajili ya kilimo cha maji, ndizo rahisi kwa anayeanza. Kwa lita ni ghali, ila dumu tatu za saladi hazili nyingi. Ukipanua, nunua unga. Mchanganyiko unaotumika sana ni NPK ya 4-18-38 yenye madini madogomadogo, kalsiamu nitreti, na magnesiamu salfeti. Kwa lita 10 za maji weka gramu 6, gramu 6 na gramu 3, kwa mpangilio huo, kila moja ikiyeyuka kabisa kabla ya inayofuata. Ukichanganya kalsiamu na zile nyingine zikiwa bado nzito, unapata chaki nyeupe chini ya ndoo, na chaki hiyo ndiyo chakula chako kimeshapotea. Miche midogo ipewe nusu ya nguvu.

Dukani, sema jina zima: kalsiamu nitreti. Ukisema tu mbolea ya kalsiamu ya kukuzia utapewa CAN, ambayo kila mkulima wa mahindi anaijua. CAN ina amonia nyingi na ina chokaa isiyoyeyuka. Utaona mchanga wa kijivu umetulia chini. Urea nayo iache shambani, kwani hutegemea bakteria wa udongo kuigeuza kuwa chakula cha mmea, na ndoo yako haina udongo.

Kuhusu pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, lengo ni kati ya 5.5 na 6.5. Matone ya kupimia yanatosha kuanzia. Ndimu hushusha pH vizuri leo, ila baada ya siku chache inapanda tena, kwa sababu asidi yake huliwa na vijidudu. Inafaa kwa makumbi unayomwagilia kila siku, haifai kwa dumu unaloliacha mwezi.

Taa au jua?

Hapa ndipo pesa zinapokwenda. Eneo la sentimita 60 kwa 60 la saladi linahitaji taa nzuri ya LED nyeupe ya wati 40 hivi, saa 16 kwa siku. Hiyo ni uniti 0.64 kila siku, yaani 19 na ushei kwa mwezi. Kwa mteja wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, aliye kwenye D1, kundi la watumiaji wadogo, ambaye uniti za bei nafuu zinaishia 75 kwa mwezi, hiyo ni robo ya mgao wake, na akivuka 75 uniti zinazozidi bei yake ni zaidi ya mara tatu. Kenya, tangu Aprili 2023 ngazi ya chini ya matumizi ya nyumbani imeishia uniti 30, kwa hiyo taa hiyo peke yake inakula karibu theluthi mbili.

Piga hesabu hiyo ukiwa na fungu la mchicha la sokoni mkononi. Mchicha chini ya taa ni burudani, si akiba. Saladi, mrihani na nanaa vina hesabu nzuri kidogo, kwa sababu dukani ni ghali na hunyauka upesi.

Dirisha nalo lina mipaka yake. Karibu na ikweta jua la mchana liko juu ya paa, haliingii chumbani. Unachopata dirishani ni masaa machache ya asubuhi au jioni, kutegemea linatazama wapi, na miche inarefuka kama uzi ikitafuta mwanga. Roshani inayotazama mashariki ndiyo bora: jua la kutosha hadi saa tano, kisha kivuli wakati maji yangeanza kuchemka. Ya magharibi iwekee wavu wa kivuli. Mwenye roshani ya mashariki sioni sababu ya kununua taa.

Nani achukue lipi

Pwani, kwenye joto, na mtu yupo nyumbani kila siku: makumbi, bila kusita. Anza na nanaa na sukuma wiki, maana zinavumilia mikono isiyozoea.

Nyanda za juu, maji matamu, ratiba yenye safari: dumu lililotulia, na saladi. Panda dumu moja kila wiki badala ya manne siku moja, la sivyo utagawa saladi jengo zima kisha ukae mwezi bila jani.

Pwani lakini unasafiri: bado dumu, ila chagua kubwa la lita 20 hata kwa mmea mmoja, kwa sababu maji mengi huchelewa kupata moto, liweke sakafuni kivulini huku majani yakipata jua la asubuhi, na panda chainizi au matembele badala ya saladi. Kwenye joto saladi huwahi kutoa ua na kuwa chungu.

Ndoo yenye pampu ije baada ya mavuno mawili matatu, ukiwa unajua mizizi yenye afya inafananaje. Kila baada ya kuvuna, iwe njia gani, sugua chombo kwa maji yenye jiki kidogo, suuza, kianike juani siku nzima, na vikombe pia.